Meza Isiyo na Ngano

Baba yangu alibadilika mara moja tu maishani mwake, akadhani inatosha. Ilitokea kabla sijazaliwa, kwao, upande wa Butiama, alipokuwa kijana wa kuchunga ng'ombe. Kaka yake alifariki, ukoo ukamtaka amrithi mjane na kushika mambo ya mizimu ya nyumba ile, naye akakataa kwa sababu alikuwa ameokoka. Wakamfukuza na shuka begani. Akashuka mpaka ziwani, mbele kidogo ya Mugango, akajifunza kula samaki, akaoa binti wa wavuvi, na baada ya miaka akawa mchungaji wa kanisa la kijiji. Ushuhuda huo aliutoa kila mwaka kwa maneno yale yale, akinyamaza pale pale alipozoea kunyamaza. Sisi watoto tuliujua kiasi kwamba tulikuwa tukiutamka kimya kimya kwenye benchi la nyuma, pamoja na kikohozi chake.

Nayasema haya kwa hasira, najua. Waliomfahamu watakwambia alikuwa mtu safi, na ni kweli, hakuwahi kula cha mtu. Lakini mimi ndiye niliyeishi naye, na nimechoka kusikia usafi wake ukisifiwa na watu ambao haukuwagharimu chochote.

Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, tulikuwa tunaoshana miguu. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, wawili wawili, beseni la maji chini na taulo kiunoni. Ukishamwosha mwenzako mnakumbatiana, na kama mlikuwa na neno mnalimaliza hapo hapo, ndipo mnasogea mezani. Mama ndiye aliyeitayarisha meza hiyo. Kitambaa chake kilikuwa cheupe, pembeni kina maua aliyoyadarizi mwenyewe, na kila mara alikifua, akakipiga pasi ya mkaa na kukitandika Jumamosi mchana. Mkate wa ngano ulitoka Musoma mjini. Kikombe kilikuwa cha ukwaju uliochemshwa na sukari, maana zabibu kwetu hazioti, na wamisionari wa zamani waliona ukwaju unafaa. Kwa hiyo ukwaju ukawa mtakatifu.

Kisha ikaja ile miaka ya shida baada ya vita vya Uganda. Waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa. Sabuni hakuna, sukari kwa kibali, na foleni kwenye duka la kijiji tangu alfajiri kungoja gari lisilokuja. Tulifulia majani ya mpapai. Palikuwa na dada wawili walioazimana kanga, Jumapili hii anakuja huyu, Jumapili ijayo anakuja yule. Hata ziwa lenyewe lilibadilika: furu tuliowazoea wakawa wanapotea, sangara wakajaa, na baba akawa hataki kumgusa sangara kwa sababu ni samaki mgeni. Yeye, ambaye mpaka utu uzima hakuwa anajua samaki hata mmoja.

Ngano nayo ikaisha. Tusidanganyane, unga ulikuwepo. Ulikuwa unavuka mpaka wa Sirari kwenye baiskeli za walanguzi, na mvuvi mmoja muumini alimletea baba kifuko. Baba alimrudishia pale pale mlangoni, akamwambia Bwana hali vya magendo. Hapo sina la kusema. Nilimheshimu na bado namheshimu, kwa sababu wengi wakati ule walikula wakafuta midomo. Ila baada ya kuufunga mlango ule, aliufunga na wa pili, na huo ndio ninaoushitaki. Alisema tutasubiri ngano halali ipatikane.

Tukasubiri. Meza haikuandaliwa tena, lakini kuoshana miguu hakukukoma, kwa sababu maji ya ziwa hayakuhitaji kibali. Jumapili ya Meza ilipofika tulivua viatu, tuliokuwa navyo, tukaoshana bila sabuni, tukakumbatiana, tukasameheana, tukarudi nyumbani bila kula kitu. Meza ilibaki pale mbele imetandikwa, na juu yake hakuna kilichowekwa. Ikawa hivyo mpaka kukawa na vijana waliobatizwa na kuoa bila kuijua ladha ya mkate wa Bwana. Na kila Jumapili baba alihubiri juu ya kuwa kiumbe kipya, akipiga mimbari kwa kiganja.

Mama akaugua. Ulikuwa uvimbe tumboni. Hospitali huko Musoma walimpapasa, na daktari, mtu mpole kabisa, akatuambia hana glovu wala uzi wa kushonea, na hata angekuwa navyo tumechelewa. Tukamrudisha kijijini. Mama hakuwa mtu wa kuomba vitu. Sikumbuki akimwomba baba nguo wala kiatu, na wakati ule hata angeomba angeomba hewa. Alipojua anakufa alitaka kitu kimoja, nacho alikisema nikiwa nawanawisha mikono kabla ya chakula.

"Baba yao, mimi nataka kula Meza kabla sijaenda."

"Ngano haipo, mama. Unajua mwenyewe."

"Muhogo upo. Naweza kutengeneza na muhogo."

"Muhogo si mkate."

Mbele yake palikuwa na ugali wa udaga, muhogo huo huo uliovundikwa, ukakaushwa na kusagwa, ambao ndio tuliokula asubuhi na jioni. Mama aliutazama.

"Sasa sisi huku mkate wetu ni gani? Kila siku tunakulaga nini?"

"Nimesema si mkate."

"Na ukwaju ni zabibu?"

Mama akaendelea polepole, kwa sababu maumivu yalikuwa yanamkata pumzi.

"Kikombe mlibadilishaga mzungu akiwepo. Sasa mzungu ameenda, mkate unakataa kubadilika?"

Baadaye maishani nimesoma vitabu vya dini, nimekaa kwenye semina za walimu wa neno, na sijasikia mtu akiijibu hoja ile. Baba alinawa, akachukua Biblia yake, akaenda kwenye mkutano wa maombi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kuoshana miguu. Siku moja kabla, mama aliniita jikoni. Alichekecha unga wa udaga mpaka ukawa laini kabisa, akaukanda kwa maji ya moto na chumvi kidogo tuliyokuwa tumebakiza, akautandaza juu ya kigae cha chungu kilichovunjika. Ulitoka mduara mwembamba, mweupe upande mmoja, umeungua kidogo upande wa pili. Nilimshika mkono hadi kanisani. Aliuweka mezani, akaufunika na kitambaa chake, akaninyooshea kidole nisiseme. Njia nzima ya kurudi alikuwa na uso wa mtu aliyealikwa arusini.

Kesho yake mimi ndiye niliyemwosha miguu. Ilikuwa imevimba, ngozi imevutika na kung'aa, na nilipobonyeza kidogo kidole changu kiliacha shimo. Tukakumbatiana, nikasikia mbavu zake. Kisha baba akasogea mbele kwa ajili ya sala ya kufunga, kama tulivyozoea miaka ile, akaona kitambaa kimeinuka katikati. Akakifunua.

Kanisa zima liliuona. Nyuma yangu mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Asante Yesu." Baba aliutazama mkate ule muda mrefu kuliko sala zake nyingi. Aliupeleka mkono, vidole vikagusa ukingo ulioungua, na mimi nikaanza kusimama kwa sababu niliamini sasa anaumega. Aliweza. Hakuna mtu hata mmoja mle ndani ambaye angemzuia. Kisha akarudisha kitambaa, akataja namba ya wimbo wa mwisho.

Baada ya ibada aliutoa nje na kuuweka dirishani. Watoto wakaumaliza hata kabla milango haijafungwa, maana ilikuwa miaka ya njaa na wao hawakuwa na theolojia. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la nje anawatazama.

"Angalau umeliwa," akasema.

Hakufika mwisho wa mwezi. Sanda haikupatikana duka lolote, si Mugango, si Musoma, si Bunda. Watu walikuwa wanazikwa na mikeka na magunia. Baba alitoka bila kusema neno, akaenda kanisani peke yake, akarudi na kitambaa cha Meza. Kilimfunika mama hadi magotini, miguuni tukaongeza kanga. Waombolezaji walilia upya walipoyaona yale maua ya pembeni, wakasema huu ndio upendo wa mume Mkristo. Mimi sikulia. Nilikuwa najiuliza ni sheria gani inayokubali meza ivuliwe nguo kwa ajili ya maiti, halafu inakataa muhogo kwa aliye hai. Bado najiuliza.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka ya Musoma yalijaa kwa muda mfupi mno, kama kwamba bidhaa zote zilikuwa zimefichwa uvunguni zikisubiri kuitwa. Mitumba, redio, sabuni za rangi na harufu. Viwanda vya samaki vikaja, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukanunua mapanki, mifupa na vichwa vilivyobaki. Mpaka baba akajifunza kula sangara, alipobaki mgongo tu. Mikate ilikuwa kila kona. Baba aliinunua kwa furaha mpaka mingine ikaota ukungu. Meza ikatandikwa kitambaa cha mtumba chenye jina la hoteli ya ng'ambo pembeni, na watu wakasema uamsho umerudi. Mimi nilisema ngano imerudi, lakini nilisemea moyoni.

Wakati huo nilikuwa mwalimu, naishi Buhare. Nilipokwenda kijijini niliosha miguu ya wanawake wenzangu, nikakumbatiwa, na sahani ya mkate iliponifikia niliipitisha kwa jirani. Baba aliniona kila mara. Hakuuliza, nami sikumpa nafasi ya kuuliza.

Alipozeeka na miguu ikamkataa nilimleta kwangu. Asubuhi moja aliposikia kwamba mchungaji aliyemrithi anakuja kumpa Meza nyumbani, aliniita.

"Ule wa mama yako," alisema, "unawezaga kuutengeneza?"

Nilisimama na kikombe chake cha chai mkononi. Nilitaka kumwambia siwezi. Nilitaka kumwambia dirisha lilipo, akautafute huko. Nikaenda sokoni, nikanunua udaga, nikachekecha.

Mchungaji yule alikuwa mmoja wa vijana wale waliooa bila kuonja. Baba ndiye aliyembatiza na kumlea katika neno. Alifika na mkate kwenye mfuko wa nailoni, akaupanga vizuri juu ya stuli. Baba akamwonyesha sahani yangu.

"Tumia huo."

"Baba Mchungaji, huo ni muhogo."

"Ndiyo."

Kijana akatabasamu. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kama mwanafunzi anayefurahi kwamba bado analikumbuka somo.

"Muhogo si mkate, baba. Ni wewe ulitufundishaga."

Baba alimtazama. Angebishana na nani?

"Sitaki kukosea," kijana akaendelea. "Ngoja niombe kibali kwa wakubwa, Bunda."

Kibali! Nilidhani neno hilo tulilizika na foleni za sukari. Baba akaukataa wa ngano kwa kutikisa kichwa. Kijana akaomba sala ndefu, akanywa chai, akatuachia mkate wake kwa ajili ya watoto.

Alipoondoka, baba aliomba beseni. Nikajua anataka kuoshwa, nikapiga magoti, lakini akanisukuma begani.

"Kaa wewe kwenye kiti."

Wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Ndivyo alivyotusimamia maisha yake yote. Nilimsaidia kushuka kitandani, akakaa sakafuni na nguo yake ya kulalia, akaniosha miguu. Maji yakamwagika kwenye mkeka. Kisha akavuta sahani, akaumega mkate wa muhogo, akaninyooshea kipande.

"Mama yako alisema kweli."

"Ulijua siku ile ile, baba."

"Nilijua."

Nilingoja. Nilikuwa nimengoja tangu ujana wangu, ningeweza kungoja zaidi kidogo.

"Mimi nilishaacha kila kitu mara moja," akasema. "Baba, ukoo, ng'ombe, mizimu. Niliogopa nikianza tena kuacha, sitabaki na kitu."

Kwa hiyo ilikuwa hofu. Miaka yote ile mimi nilidhani ni imani kali mno, nikagombana nayo na kuipitishia sahani, kumbe ni hofu ya mtu aliyewahi kuvuka mto mmoja akaapa havuki wa pili. Nilimhurumia, na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kusumbuana.

Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Nilikipokea kipande. Sikuwa nimemsamehe, na yeye alilijua hilo, na hakukirudisha nyuma. Nilikula fungu la mama. Lilikuwa gumu, limepungua chumvi, na yeye alikuwa kaburini siku nyingi, amefunikwa kitambaa chake hadi magotini.