Anti Waithera Anajifunza Theluji Mchangani

Nimepanga vyumba vingi katika miji mingi, na kila mahali umeme ukikatika na mtu akawasha mshumaa, mimi hukumbuka mchanga. Ile harufu ya nta hunirudisha kwenye vilima vya mchanga kusini mwa Doha, Ijumaa asubuhi, nimepiga magoti nikisugua mshumaa chini ya skii kuukuu, ule ubao mrefu wa kutelezea thelujini, ili iteleze, na Anti Waithera akinihimiza: "Sugua vizuri, mama. Hicho ndicho kiamshakinywa chake."

Tuliishi Al Wakrah, mji wa karibu na Doha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Baba alikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya michezo. Anti Waithera, dadake mdogo, alilea watoto wa familia moja mjini Doha, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mwaka ule familia ilipanga kwenda Lebanoni kwenye theluji, naye aende nao. Kazi yake, aliambiwa, ingekuwa kukaa chini ya mlima na makoti na chupa ya chai. Anti akaomba ruhusa naye ashuke mlima kwa skii, hata mara moja tu. Madamu yake akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Ukiweza kusimama juu ya skii, nitakukodia."

Basi tukamtafutia mlima. Baba aliazima skii zilizokataliwa na wateja kwa sababu ya mikwaruzo, na pamoja nazo akamleta Elias, Mlebanoni wa pale dukani, aliyekulia milimani.

Elias alianza na miguu. Anti alikuwa amevaa soksi jozi tatu, moja juu ya nyingine, kujizoeza baridi. "Vua, dada, baki na moja," akamwambia. "Nyingi zinabana damu, na mguu ukibanwa ndio unaganda." Buti akalipima hivi: ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi nyuma kidogo. Likiwa huru kama ndara, utageuza mguu na skii ibaki pale pale.

Kisha tukangoja. Alfajiri mchanga wa kule hulowa umande ukanata kama unga wa chapati, kwa hiyo tulikunywa chai garini mpaka jua liukaushe. Hapo ndipo Anti alipopanda, akiwa na skii begani, akihema na kuimba nyimbo za kanisani.

"Waithera, hata baiskeli ilikushinda!" Baba alimpigia kelele kutoka chini.

"Baiskeli ilinishinda, sawa. Mlima bado haujanijua!"

Akashuka hatua chache, ncha zikachimba mchanga, buti zikafyatuka kwenye skii, na skii moja ikateremka peke yake hadi miguuni pa Baba. "Kutangulia si kufika," Baba akaiambia ile skii, nasi tukacheka hadi Anti mwenyewe akacheka, mchanga ukimtoka mdomoni.

Mchangani ilibidi aegemee nyuma kidogo, ncha zisizame. Kila mara Elias alimwonya: "Kule ni kinyume. Kule inama mbele, miundi ibonyeze buti. Ukitaka kupunguza mwendo, ncha za mbele zikutane na visigino viachane, kama pembe ya sambusa. Na usitoke mapema sana, theluji ya asubuhi ni kioo. Jioni ni uji. Nenda katikati."

"Inama, sambusa, katikati," Anti alirudia kama mtoto wa katekisimu. Ijumaa baada ya Ijumaa alianguka, akainuka, hadi siku moja akafika chini akiwa wima. Baba alimpiga picha, wakampelekea madamu.

Aliporudi kutoka Lebanoni tulimzunguka mezani. Nilitaka kujua theluji ina ladha gani, na kama kweli inang'aa. Alituambia kwamba mara ya kwanza mwili wake uliegemea nyuma kwa mazoea ya mchangani, skii zikamtoroka, naye akaketi kwenye theluji kama gunia la viazi mbele ya watoto wa watu. Akapanda tena. Akainama, akatengeneza sambusa yake, akashuka polepole mpaka mwisho.

"Na ilikuwaje?" Baba akauliza.

Anti aliweka kikombe chini. "Toka juu mpaka chini," akasema, "hakuna aliyeniita."

Tukangoja aendelee. Akaomba chai nyingine.

Nilikasirika kimoyomoyo. Zile Ijumaa zote, mishumaa yote ile, na hadithi yenyewe ni hiyo tu! Nilidhani amechoka, au amesahau mengine njiani.

Tangu hapo nimefanya kazi katika nyumba na hoteli za watu, nchi hii na ile, jina langu likiitwa kutoka jikoni hadi getini, tangu naamka hadi nalala. Sasa ndipo najua kwamba jioni ile Anti alitusimulia yote.