Karibu ya Mlimani

Watu wa bara wakisikia Pemba kuna mchezo wa kupanda milima kwa baskeli, hucheka. "Pemba nako kuna milima?" Mimi sibishani nao. Nawaambia njoo na baskeli yako, panda huku, teremka kule, panda tena, ukimaliza ndipo tuzungumze. Kweli, hatuna kilele cha kupigia picha. Tuna vilima tu, lakini vilima vyenyewe haviishi. Sie tunaviita milima, na anayepinga apinge akiwa amekaa juu ya baskeli.

Wakati huo nilikuwa nauza kwenye kaunta ya duka la spea za baskeli pale mjini Chake. Tajiri wangu ni Muhindi, kazaliwa hapa hapa, na akianza kugombana, Kipemba chake kikali kuliko changu. Nyuma ya duka alikuwa na banda la baskeli za gea, za kutembezea wageni milimani, na walioongoza safari hizo walikuwa wanaume watupu. Nilizitamani zile baskeli mpaka nikawa naziota. Lakini kila nikisogelea mlango wa banda, tajiri hunipigia kelele, "Bibi, kaunta!" Na mimi si mtu wa kunyamaza. Nikamwambia hao vijana wako nawapita mlimani na baibui langu. Nikamwambia leo, nikamwambia kesho, mwisho akachoka.

"Haya," alisema. "Jumamosi utachukua mama mmoja na binti yake, mpaka ufukweni Vitongoji, kwa njia za shamba. Mimi nafuata nyuma na gari. Mgeni hata mmoja akipanda gari yangu, unarudi kaunta, na hadithi hii sitaki kuisikia tena."

Jumamosi nikavaa suruali pana, mtandio nikaukaza, helmeti juu yake. Mama yangu alinitazama kutoka mlangoni. "Lahaula! Ndo wenda hivyo?" Kisha akaniombea dua, maana njia ya kunizuia alishaona haipo.

Binti wa kizungu alikuwa mwembamba, kavaa nguo za mashindano, na tulipotoka tu mjini akachomoka. Kutangulia si kufika, nikajisemea. Mama yake alikuwa mwalimu mstaafu, mnene, mcheshi, na magoti yake yalikuwa yanalia kuliko baskeli. Katikati ya mlima wa kwanza akaniuliza bado mbali? Nami pumzi imenibana, Kiingereza changu cha skuli kimekimbia, nikamjibu, "Karibu."

Akashangaa. Karibu si ndiyo ile aliyoambiwa hotelini alipopewa juisi? Pumzi iliporudi, na Kiingereza kikarudi, nikamweleza kwamba neno ni hilo hilo. Kitu kikiwa karibu hakiko mbali, na mtu akikwambia karibu anataka usogee, usimkalie mbali. Akafurahi, akalirudia mpaka tukafika juu.

Loo, sikujua nimefungua nini! Kwa njia za shamba hupiti mlango wa mtu bila kukaribishwa. Anayekula atakukaribisha, anayepika atakukaribisha, hata anayeanika karafuu na kichwa kakiinamisha atakukaribisha, nawe unajibu "Starehe", yaani usijisumbue, ukapita zako. Basi kila nyumba ilikuwa ni "Karibuni chai!" na "Karibuni muhogo!", na kila nyumba mama yule alinigeukia uso umemwaka. "Wanasema karibu!" Ile ya umbali ndiyo aliyoishika, anakanyaga pedali kama kachanjwa dawa ya nguvu. Nimsahihishe? Ah wapi! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nyuma yetu, kila tukipanda, tajiri alitoa kichwa dirishani. "Bi mgeni, gari ina eisii, ndani baridi!" Nilimtupia jicho ambalo angekuwa maziwa angeganda. Nilikuwa na hasira naye, nasema kweli. Sikujua kama anamhurumia mgeni au ananiombea nishindwe.

Hivyo hivyo tukafika mlima wa mwisho. Udongo mwekundu, mvua ilikuwa imepiga asubuhi, tairi zinateleza, na njia nzima hakuna nyumba. Mama akashuka, akakaa juu ya kisiki. Binti yake akarudi kutoka juu, akaanza kumsihi kwa lugha yao, mkono unaonyesha gari. Tajiri keshafungua mlango wa nyuma.

"Hapa hakuna anayesema karibu," mama akaniambia. "Basi ni mbali."

Nikamwambia mimi, karibu, mama, wallahi karibu. Akatikisa kichwa. Mimi wa kazini, alisema, lazima niseme hivyo. Niliiona kaunta, na makasha ya spoku za magurudumu, yananingoja.

Ndipo akateremka bibi mmoja, kajitwika mzigo wa makuti. Nikamwamkia, akaitikia, akatuuliza twenda wapi na tope hili.

"Bibi, nakuomba, mkaribishe mgeni wangu."

"Nimkaribishe wapi, mwanangu? Njiani? Mie hapa sina nyumba wala chungu."

"Kwa mdomo tu, bibi."

"Aka! Karibu ya mdomo mtupu ndiyo karibu gani?" Akatua makuti, akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha muhogo wa kuchemsha kilichofungwa kwa jani la mgomba. Ndicho chakula chake cha shamba. Akakimega, akakaa juu ya makuti yake, akamnyooshea mgeni. "Haya. Karibu."

Mama akala kafumba macho. Akamega na binti, nikamega na mimi. Hakuna aliyemhimiza mwenzake. Muhogo ulipokwisha mama akajifuta mikono, akashika usukani, akaanza kupanda kwa miguu akiisukuma baskeli. Tulisukuma sote, tunateleza, tunachekana, na bibi kule chini anatupigia makofi. Gari la tajiri lilijaribu kutufuata, likateleza, likarudi kinyumenyume hadi lilikotoka. Mungu anisamehe, nilicheka sana.

Upande wa pili ilikuwa breki tu mpaka Vitongoji. Tulipoingia ufukweni, wanawake waliokuwa wakisafisha samaki wakatupigia kelele, "Karibuni! Karibuni jamani!"

Mama akasimama ghafla, baskeli ikamwanguka. Karibu alie. "Bado tena?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hii ni ile nyingine."

Tajiri alifika baadaye kwa barabara kubwa, tope mpaka magotini. Akamkuta mgeni wake kaingia baharini na nguo zake, anaimba. Tukila samaki binti alimhadithia tajiri yote, naye akacheka mpaka akatoa machozi. Mimi nikamkazia macho. "Tutaona," akasema, basi. Jumapili nzima roho yangu ilikuwa juu, mpaka mama yangu akaniambia nitoke jikoni kabla sijamuunguzia mchuzi.

Jumatatu nilikwenda kufungua kaunta kama kawaida. Tajiri alikuwa kasimama nyuma, mlangoni pa banda, pale pale nilipozoea kufukuzwa.

"Karibu," akasema.

Sikusogea. Nikashika kiuno. "Ipi, tajiri? Ya umbali au ya mlango?"

"Ya mlango," akasema, akasogea pembeni nipite.