Shamba Yangu Imerudi

Niliondoka Goma kwa sababu mama yangu alikuwa ameikasirikia sauti yangu. Si mimi, sauti. Alinipigia simu kutoka Kashuga, kwenye kambi anakoishi tangu tulipofukuzwa mlimani kwetu, akasema bila hata kunisalimia, "Esperance, kuya, kuya huku. Papa Bahati anataka shamba yake, ile alinipa nilime. Anasema miye nilisharudishiwa yangu, alisikia kwa redio. Nikimwambia hapana, anasema: ni mutoto wako mwenyewe njo alisema."

Ngoja nieleze. Mimi ni mwigizaji wa mchezo wa redio. Kundi letu ni dogo na hakuna anayetujua kwa sura. Siku moja niliwasimulia wenzangu habari za mama: mlima aliolima pamoja na baba, maharagwe upande huu na muhogo upande ule, vita vikaja, tukakimbia, aliporudi akakuta seng'enge, na ng'ombe wa mkubwa mmoja wa mjini wanakula majani juu ya kaburi la baba. Mwandishi wetu, kaka mmoja mwenye moyo mzuri, aliyaandika yote, akanipa mimi sauti ya mjane aliyemwita Mama Zawadi. Lakini alisema wasikilizaji hawawezi kuachwa wanalia. Kwa hiyo katika kipande cha mwisho hakimu anapiga meza, seng'enge inakatwa, na Mama Zawadi anapaza sauti: "Shamba yangu imerudi!" Nilipiga ukelele huo kwa roho yangu yote. Niliposhusha karatasi, wenzangu wote walikuwa wanafuta machozi.

Asubuhi nilifika Sake nikaingia sokoni kumnunulia mama chumvi na sabuni. Nilipoomba chumvi, muuzaji alinitazama kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

"Sema tena," akasema.

"Niseme nini?"

"Chumvi. Sema tena chumvi."

Nikasema. Yule mama akaruka. "Eh! Batu, mukuye muone! Njo yeye, Mama Zawadi mwenyewe!" Mara safu nzima ya wauza chumvi, samaki na unga ikaitikia kwa pamoja, "Shamba yangu imerudi!" Walinishika mikono, wakanipongeza, mmoja akaniuliza kama maharagwe yameshaota. Hakuna aliyeniuliza jina. Nilicheka nao, maana ningefanya nini? Lakini nilipopanda pikipiki nilijisikia peke yangu kabisa, kama mtu aliyepewa pole kwenye msiba usio wake, ila hapa ilikuwa furaha.

Mushaki tulisimamishwa na mvua. Motari wangu, dereva wa ile pikipiki, aliyechagua kupitia huku kwa sababu njia nyingine haikupitika, alijificha chini ya paa la duka. Mimi nikajibanza karibu na mama mmoja aliyepanga fromaji zake za duara, jibini ya huku milimani, juu ya meza. Nilijitahidi kutosema kitu. Nikapiga chafya, nikasema "samahani", basi, yakaisha.

"Ni weye!" Akakata kipande kinene, akakiweka mkononi mwangu. "Kula. Weye ulitushindia." Aliitwa Mama Noella. Aliniambia seng'enge ya ferme ya jirani, shamba la ng'ombe, inapita katikati ya muhogo wake, na kwamba alikuwa amechoka kudai kwa shefu wa kijiji, akaacha. "Kisha nikasikia vile ulilia, na vile ulishinda. Kesho yake nikarudi kwa shefu. Ni sababu yako, dada."

Fromaji ile ilikuwa tamu. Nilikula nusu, nusu nikampa motari.

Kutoka hapo hadi Kitshanga, na kutoka Kitshanga hadi Mweso, sikusema neno. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, wenye bunduki waliniuliza ninakwenda wapi, nikawaonyesha kwa kidole. Milima ilikuwa imeoshwa na mvua, ng'ombe wamenenepa, nyasi zinang'aa mpaka huko juu. Wageni hupiga picha pale. Mimi nilizichukia zile nyasi, nilizichukia kweli, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Jioni, Kashuga. Mama alikuwa mbele ya kibanda chake cha turubai, anapika sombe ya majani ya muhogo. Hakusimama.

"Sauti yako ilifika mbele yako," akasema.

"Mama, nisamehe."

"Kula kwanza."

Mlima wetu uko mbali na pale, upande unaotazama Walikale, na mawingu yalikuwa yameufunika. Hata hivyo mama alikaa akiutazama upande ule, jinsi wengine wanavyotazama barabara wakimngoja mtu.

Asubuhi alinipeleka kwa Papa Bahati, mkulima wa hapo hapo Kashuga, ambaye misimu yote hii amekuwa akimwachia mama kipande cha shamba alime bure. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mkorofi. Masikini, alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

"Sikumufukuza mama yako," alisema. "Lakini iko mama mwengine ametoka Walikale, mujane vilevile, hana hata pa kupanda viazi bilayi. Mvua ya kupanda imefika. Nikasema: huyu alisharudishiwa yake, basi apishe mwenzake. Niko mubaya?"

"Hapana, Papa. Lakini ile ilikuwa teatre tu."

"Teatre?" Alivua kofia, akaishika magotini. "Vita ya mule ndani, ilikuwa ya kweli ao hapana?"

"Ya kweli."

"Na seng'enge?"

"Ya kweli."

"Na kaburi ya baba yako chini ya ngombe?"

"Ya kweli, Papa."

"Sasa mwisho peke yake njo bongo, njo uongo?"

Nimesoma fasihi, nimeeleza mbele ya watu kwamba hadithi ni kioo cha jamii, na pale kwenye kiti cha Papa Bahati niliinamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na embe la jirani.

"Miye nakusadiki," akasema. "Lakini batu bote balisikia. Nikimwachia mama yako shamba, batasema nabeba upande. Kesho ni Siku ya Mungu. Uwaambie kanisani."

Jumapili, baada ya sala, mchungaji aliniita mbele. Nilipofungua kinywa tu kusema "Bwana asifiwe", kanisa lililipuka. Watu walisimama juu ya mabenchi. "Shamba yangu imerudi! Sema! Sema!" Niliona nyuso za watu wa kambi, watu wenye kilima kilichofungwa seng'enge kama chetu, wakiningoja niseme mara moja tu. Ee Mungu wangu. Nilitamani sana kusema.

"Haikurudi," nikasema. "Shamba ya mama haikurudi. Ngombe ziko juu yake mpaka leo. Ile ya redio tulitunga."

Walikaa mmoja mmoja. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa anapiga makofi kuliko wote, alibaki amesimama.

"Kumbe," akasema polepole. "Hata kwa redio tulishindwa?"

Mtu mmoja nyuma alicheka peke yake.

Papa Bahati alitafuta njia ya katikati. Aliligawa shamba mara mbili, nusu kwa mama, nusu kwa yule mjane wa Walikale, na siku ileile nikawaona hao wawili wakiweka mawe ya mpaka na kusaidiana kung'oa magugu. Wasio na kitu wakagawana kidogo walichonacho, na mwenye ng'ombe hakupoteza hata jani moja. Watu walipita karibu nami bila kunisalimia. Sikuwalaumu.

Mama alinisindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Nilifanya vibaya, Mama?"

"Hapana. Ulisema kweli." Alinifunga kitambaa vizuri kichwani. "Lakini ile bongo uliipigia kelele. Hii kweli umeisema na sauti ya kidogo."

Njia nzima nilirudia maneno hayo. Nilichojifunza ni hiki: tunapowapa watu haki kwenye hadithi, yupo anayeacha kuwasaidia, akidhani mambo yameshaisha.

Mushaki hapakuwa na mvua. Ningeweza kujifunika kitambaa nikapita. Nilimwambia motari asimame. Mama Noella alinipungia kisu kwa furaha. "Mama Zawadi! Shamba iko namna gani?"

"Haikurudi!" nilisema kwa sauti ile ya redio, kubwa, mpaka wauzaji wa ng'ambo wakageuka. "Jina langu Esperance. Shamba ni ya mama yangu, na haijarudi! Walitunga ule mwisho!"

Kisu kilisimama hewani. Nikajua anafikiria seng'enge yake, na shefu, na njia ya kurudi kule. Kisha akakata kipande cha fromaji, chembamba kuliko kile cha kwanza, akanipa.

"Basi ambia ule mwenye kuandika," akasema, "asimalize. Sisi hatujamaliza."