Walikuachilia Lini?

Dada yangu alipopata kazi ya utafiti wa seli ng'ambo, barua zake nilikuwa nikimsomea Mama mimi, msomi wa nyumbani niliyemaliza kidato cha nne na kurudi kukaa mlangoni Isiolo. Aliandika kwa Kiingereza, eti nisisahau, nami nikatafsiri kwa madaha: "Anasema yuko kwenye seli mchana kutwa. Anaangalia vile zinavyojila zikikosa chakula."

Mama alijua seli ya kituo cha polisi tu. Kila swala alilia, nami nikadhani ni fahari.

Dada alirudi likizo mwaka mmoja wa ukame. Mama alimshika mikono, akakagua viganja, akauliza, "Walikuachilia lini?"

Tulipoelewa, dada alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe msomi wetu! Ungenifunga maisha!" Kisha akamweleza Mama polepole kwamba mwili umejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, ndizo seli. Njaa ikiingia, seli hukusanya vipande vyake vilivyochakaa, ikavisafirisha mpaka mahali pa kuvimeng'enya, ikavila ili iishi.

"Kama ngamia na nundu yake," Mama akasema.

Dada akatoa daftari. "Hiyo nitawapelekea wenzangu, Mama."

"Wapelekee. Na hakuna aliyekufunga?"

"Hakuna, Mama, wallahi."

Mama akashusha pumzi, akamsukumia kibuyu cha maziwa. "Basi kunywa. Nakuona wewe mwenyewe umeanza kujila."