Mutie Aliniibia Kidole

Mutie wa Kilonzo aliniibia kidole. Sisemi alikikata. Kiko hapa, na bado kinakamua mbuzi. Aliniibia alama yake, na kwa miaka sita nilikuwa namwona kila Jumapili kanisani amefunga macho anaomba, na mimi yangu nimefungua namwangalia.

Mwaka wa sabini na nne, sisi wamama wa mwethya tulikuwa tunachimba bwawa la kijiji, huku nyuma ya Matiliku. Mwethya ni kazi ya pamoja. Unakuja na chombo chako, na asiyekuja au asiyemaliza kazi anatoa kuku. Mimi ndiye nilikuwa naongoza. Mutie alikuwa sekretari wa kamati ya maendeleo, ile ya kupeleka shida zetu kwa kaunsili. Alikuwa amefika darasa la nane, na alitembea nalo kama mtu amebeba mayai. Asubuhi anaandika jina lako na chombo ulichokuja nacho, unaweka kidole, unaenda kuchimba. Karatasi inaenda wapi, hatukuuliza.

Mwaka uliofuata kaunsili ikajenga slota, mahali pa kuchinjia ng'ombe, upande wa juu wa mto. Mfereji wa damu na mavi ukaelekezwa kule chini, karibu na visima vyetu vya mchangani, mahali kijiji kizima kinachota. Bucha ya kwanza ikapewa ndugu ya Mutie. Tulipoenda kulalamika, karani wa kaunsili akasema sisi wenyewe tulikubali, vidole vyetu viko kwa faili, na cha kwanza ni cha Mbula Ndeti. Huyo ni mimi. Karatasi hakutuonyesha. Alisema faili ya serikali si Bibilia, kila mtu afungue.

Hapo hofu ikaingia kwangu ikakaa. Nilikuwa nanusa maji kabla sijanywa, kabla sijapika, kabla sijaosha mtoto. Nilichemsha mpaka kuni zikaisha. Muthoki wangu akisema tumbo linauma, namwaga maji yote ya mtungi. Halafu mtoto wa Syokau akaharisha siku tatu, tukamzika.

Syokau ndiye tulikuwa tunachimba naye bega kwa bega. Baada ya mazishi aliacha kuniita kwa jina. Nikifika kisimani, wamama wanabeba madebe yao wanaondoka, hata yale hayajajaa. Walisema nilihongwa nyama. Mimi, na nyama nilikuwa naiona Krismasi.

Nikaenda kwa Mutie, nikamwambia aseme ukweli mbele ya watu.

"Mama Muthoki, wewe unajua kusoma?" akaniuliza.

"Hapana."

"Sasa unajuaje ni nini ulikubali?"

Nilirudi nyumbani.

Syokau naye akaanza kusema niapishwe kithitu, kile kiapo chetu cha zamani. Sisi ni watu wa kanisa, lakini kithitu hakiulizi unasali wapi. Ukiapa uongo, watu wa nyumba yako wanaisha mmoja mmoja. Nilijua sijadanganya. Lakini kidole kilikuwa changu, na kweli nilikiweka. Je, kiapo kingejua tofauti? Nikamwangalia Muthoki amelala, nikakataa kuapa. Kukataa kwangu wakakuona ndiyo jibu.

Mwaka wa themanini na moja akaletwa bwana afya mpya, wa kukagua maji na slota, Evanson Karanja, mtu wa huko Murang'a. Tulikuwa tumelalamika tena, kwa hivyo akaja barazani na ile faili, atusomee vile tulikubali, tunyamaze. Chifu akatangaza kwamba atakayedanganya serikali ataondoka naye. Landrova ilikuwa hapo, mlango wa nyuma wazi. Syokau akasema nisipochukuliwa na chifu, leo nitaapa. Nilikaa chini mchangani.

Bwana afya akafungua faili, akapita barua ya Mutie iliyosema tumekubali slota, akafika kwa majina.

"Mbula Ndeti, karai," akasoma. "Kaluki Mulei, koleo. Syokau Musyoka, jembe." Akamgeukia Mutie. "Sekretari, hawa wamama walikubali slota na karai?"

Mzee mmoja nyuma akacheka peke yake. Mutie akasema ni makosa ya karani. Syokau alikuwa amesimama.

"Hiyo ni karatasi ya bwawa," akasema. "Jembe langu lilivunjika mpini siku hiyo. Mutie akasema ataandika, nisitozwe kuku."

Bwana afya akashusha uso kwa karatasi. Akafuata mistari kwa kidole.

"Imeandikwa," akasema. "Mpini umevunjika."

Akafunga faili. Akasema slota inafungwa leo, mpaka huo mfereji uhamishwe. Syokau akaja akakaa chini karibu nami. Alinishika tu mkono, kwa upande wa kile kidole.

Chifu akamwonyesha Mutie mlango wa Landrova, aende akaeleze kaunsili. Mutie akipita mbele yangu akainama.

"Nisamehe, Mama Muthoki."

"Andika," nikamwambia. "Nitaweka kidole."