Jina Langu na Kinyamkera

Nilipokuwa bado mdogo wa kubebeshwa ndoo ndogo, kule kijijini Mbuchi, deltani Rufiji, nilimwonea wivu Tatu mpaka chakula hakinishuki. Tatu ni mtoto wa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu. Haukuwa wivu wa nguo, ingawa alikuwa nazo, wala wa kuishi Kibiti mjini. Ulikuwa wivu wa jina. Bibi yetu alilikumbuka la kwake, la kwangu likamtoka. Na aliyekuwa akikaa na Bibi usiku na mchana ni mimi.

Zamani haikuwa hivyo. Babu alikuwa amefariki, lakini Bibi aliendelea kunitania kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, kwamba mimi ni mke wa babu na yeye ni mke mwenzangu. Mpunga ulipoanza kukomaa tulihamia dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kuamia ndege shambani. Humo alikuwa akinisukuma kwa kiwiko.

"Mke mwenzangu, sogea huko. Miye nimempikia mzee maisha yangu yote, weye umekuja juzi unataka nusu ya mkeka!"

Nilikuwa nacheka mpaka dungu linatikisika. Tatu yeye hakutaniwa. Bibi alimlea tangu anatambaa, mama yake akihangaika na biashara Kibiti, kwa hiyo alimwita kwa jina tu, kama anavyowaita watoto wake wa kuwazaa. Alipofika umri wa shule mama yake akamchukua. Nafasi yake nikaikalia mimi, na sikuwa na nia ya kuiachia.

Bibi ndiye aliyetufundisha habari za kinyamkera, ule upepo wa kuzunguka unaonyanyua vumbi wakati wa kiangazi. Kwetu huo haukuwa upepo, ulikuwa pepo. Kikipita, alisema, jifunike kichwa na unyamaze, na usimwite mtu jina, maana kikilisikia kinaondoka nalo. Hakutueleza kinalipeleka wapi, nasi hatukuuliza.

Kiangazi kimoja tulikuwa tumeshavuna na mabua yameshachomwa. Mchana, jua likiwa kali, kikainuka kinyamkera kimebeba majivu, cheusi, kirefu kuliko dungu letu. Mimi nilikuwa nimeinama naokota masuke yaliyonusurika moto, sikukiona. Bibi alikiona, na mafunzo yake yote yakamruka.

"Mwanaidi! Mwanaidi wee!"

Nilijitupa chini, kikapita pembeni yangu. Nilipoinuka nilimkuta Bibi ameuziba mdomo wake kwa mikono miwili.

"Nimekipa jina lako," alisema.

Nilicheka, nikidhani ni utani wake wa kila siku. Lakini haukupita muda mrefu uji ukaanza kutiwa chumvi mara mbili. Swali alilojibiwa asubuhi alilirudia kabla jua halijapanda. Siku nyingine alikwenda kisimani, njia aliyoizoea tangu uchumba wake, tukamkuta amekaa kichakani na ndoo tupu, hajui arudi upande gani. Watu wazima walisema ni uzee. Majirani walisema ni uchawi, tena kwa kutaja watu. Mimi nilijua ni kinyamkera, maana asubuhi moja nilipompelekea maji ya kunawa alinitazama, akauliza, "Weye nani?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa mgeni. Tangu siku hiyo nikawa "weye," na utani wetu nao ukakatika.

Likizo ilipofika, Tatu akashuka kwenye boti na nywele zake zilizosukwa vizuri. Bibi alikuwa kibarazani. Akanyanyua mikono yote miwili.

"Tatu! Tatu wangu!"

Nilisimama pale na ndoo kichwani, maji yananimwagikia, roho inaniuma hasa. Mimi ndiye niliyemwogesha. Mimi ndiye niliyemchana nywele na kumtafuta vichakani. Huyu alikuja na begi lake la likizo, akapokewa kwa jina lake lote.

Basi nikaamua kwenda kudai changu. Nilichota chumvi jikoni, kwa sababu niliwahi kusikia pepo wanaiogopa, nikaenda shambani kwenye majivu kukingoja kinyamkera. Kilipoinuka sikujifunika. Nilikikimbilia.

"Nirudishie jina langu!" nilipiga kelele, nikirusha chumvi. "Na kama hutaki, chukua na la Tatu, tuwe sawa!"

Majivu yakanijaa macho na mdomo. Kisha kanga ikaniangukia kichwani, na mikono ikanikandamiza chini. Alikuwa Bibi. Sijui aliniona saa ngapi natoka, wala alinifuataje, yeye aliyekuwa akipotea njia ya kisimani. Alikuja pekupeku juu ya vishina vya mabua, nyayo zinamtoka damu. Upepo ulivyokuwa unatupitia hakutamka jina la mtu yeyote. Ulipotulia akafunua kanga, anahema.

"Mke mwenzangu," alisema, "unataka kuniachia kazi zote peke yangu?"

Nilimkodolea macho nikisubiri amalizie na Mwanaidi. Hakumalizia. Jioni ile alimwita Tatu amletee maji, akalitamka jina vizuri kabisa, nami nikanuna nikakataa kula. Lile neno la shambani niliona nimepewa makombo. Sikulisikia tena. Bibi alifariki kabla sijamaliza shule.

Mwaka huu Mama Mkubwa ameanza kuficha simu kwenye pipa la mchele na kutulaumu kwamba tumeiba. Mimi na Tatu tumempeleka hospitali. Daktari, binti mdogo kuliko sisi, alimpima, akamuuliza maswali taratibu, akasema kuna dalili za ugonjwa wa Alzaima. Ni ugonjwa wa ubongo, alisema, si uchawi, na si uzee mtupu kama tulivyozoea kusema. Mara nyingi huanza kwa kula mambo ya karibuni, ya zamani yakabaki kwa muda mrefu. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini mgonjwa husaidika akiwekewa utaratibu uleule kila siku, akisemeshwa kwa upole, na asibishiwe. Akaongeza kwamba jina la mtu linaweza kumtoka kabisa, na bado moyo wake ukatulia akimwona mtu huyohuyo.

Nikaelewa. Tatu alikuwa wa zamani, mimi nilikuwa wa karibuni. Nilitazamia wivu wangu ufie palepale kwenye kiti cha daktari, lakini haukufa.

Tukatoka tukakaa kwenye benchi la nje, Mama Mkubwa katikati yetu. Nikashindwa kujizuia.

"Weye Bibi alikujua mpaka mwisho," nilimwambia Tatu.

Alicheka, lakini si cheko la furaha.

"Alinijua jina. Kila likizo, ukienda kisimani, mimi ndiye niliyebaki namlisha uji. Anafumba mdomo. 'Mke mwenzangu yuko wapi?' Kila kijiko. Namwambia, Bibi, ni mimi Tatu. Ananijibu, 'Najua weye Tatu. Mke mwenzangu yuko wapi?' Nilikuchukia, Mwanaidi."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Nikwambie ili ufurahi?"

Kweli ningefurahi. Nilikuwa nafurahi hata pale, huku machozi yananitoka.

Upepo ukajikusanya uani, ukaanza kuzungusha vumbi na majani makavu, ukaja upande wetu. Tatu alikuwa anataka kusema kitu, akakinyamazia. Mimi nami nikafunga mdomo. Tulivuta kanga ya Mama Mkubwa kila mmoja kwa upande wake, tukamfunika kichwa, tukakaa kimya kama tulivyofundishwa. Vumbi likapita.

Tulipomfunua, Mama Mkubwa alinitazama mimi, akamtazama Tatu, akarudi kwangu, midomo yake inatafuta jina. Tatu alikuwa amekaza shingo, anasubiri. Nami nilikuwa nasubiri.