Mipini Inayong'aa

Muuza mipini ya mashoka kwenye gulio la Kumsenga huing'arisha bidhaa yake kwa dawa ya viatu, akikazia kidole gumba pale nyuzi za mti zinapokatiza upande, yaani pale mpini utakapovunjikia. Kisha huugonga, huutegea sikio na kutabasamu kana kwamba umemsalimu.

Juzi Mama Niyubahwe, mpasua kuni ambaye mpini aliouziwa hapo ulivunjika na shoka likamkosakosa mguuni, alimsogezea gogo.

“Fundi, pasua wewe kwanza.”

Muuzaji alivua koti, akatemea viganja mate, akainama chini ya meza na kutoa shoka lenye mpini usiong'aa, nyuzi zake zimenyooka toka juu hadi chini.

“Basi niuzie huo.”

“Aa, mama,” alijibu kwa upole, “huu ni wa kazi.”